Fundi wa Chokaa na Nyumba Yetu ya Mkunazini: Tathmini Baada ya Masika Mbili

Nyumba yetu ya Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, ilikuwa na unyevu katika sehemu nne, na kwa miaka tisa tuliziuguza zote kwa dawa moja, yaani rangi ya kuzuia maji inayouzwa kwa ndoo ya lita 20. Kila masika yalipopita rangi ilivimba malengelenge, tukaikwangua, tukapaka nyingine. Mwaka juzi, baada ya kipande cha lipu cha chumba cha mbele kuanguka usiku na kuvunja kabati la vyombo la mama, tulimwita mwashi mzee anayefanya kazi ya chokaa. Ninachokitathmini hapa ni huduma yake: ukaguzi wa siku tatu, ukarabati wa takriban miezi saba, na hali ya kuta baada ya misimu miwili ya masika. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe amekataa, akisema kazi aliyo nayo inamtosha hadi mwakani.

Kabla yake alikuja kijana wa kampuni moja ya ukandarasi akiwa na kipima unyevu chenye sindano mbili. Kila alipozichoma sindano zile ukutani, taa nyekundu iliwaka, hata katika ukuta wa ngazi ambao tangu nizaliwe sijauona ukilowa. Akatuandikia makadirio ya kuipaka nyumba nzima dawa ya kuzuia maji, ndani na nje. Baadaye nilielewa kilichotokea. Kifaa cha aina ile hakipimi maji yenyewe. Hupima jinsi umeme unavyopita kati ya sindano, na chumvi iliyomo ukutani huupitisha umeme vizuri hata pale ambapo maji ni kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga, vitu ambavyo vingi vyake vimetoka baharini au karibu na bahari, kwa hiyo kuipima nyumba kama hiyo kwa kifaa kile bila ya kujua habari ya chumvi ni sawa na kumpima homa mtu aliyekaa mbele ya tanuri.

Mzee alifika saa mbili asubuhi akiwa na nyundo ndogo, bisibisi, kamba na mfuko wa plastiki. Baada ya kuamkiana aliketi barazani na mama, na kwa karibu nusu saa hakugusa ukuta wowote.

“Bibi, kuta zako zinalia lini?” alimuuliza.

Mama alimjibu kwamba chumba cha mbele hulia mwaka mzima, hata kiangazi. Chumba cha juu hulia siku ya pili ya mvua kubwa. Na ukuta wa ukumbini hulia alfajiri, ukifika mchana umeshakauka. Mzee akacheka na kusema kwamba Bibi amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Mimi, niliyekwisha kulipa makadirio ya kijana wa sindano, sikucheka sana.

Chumba cha mbele ndicho kilichochukua muda mwingi, na ndicho kinachostahili kuelezwa kwa urefu. Kwenye kuta zake palikuwa na mstari wa kahawia uliofika kifuani, ukienda sambamba na sakafu kama alama ya maji kujaa, na chini ya mstari huo lipu ilikuwa imetoka unga mweupe ulioota kama manyoya. Mzee alichukua unga huo kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akatema nje ya dirisha. “Chumvi,” alisema, na akamwambia msaidizi wake auonje na yeye. Kisha aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole kuanzia chini kwenda juu, na popote sauti ilipokuwa tupu kama ya debe alitia alama kwa kipande cha makaa. Akatuomba karatasi ya aluminiamu ya jikoni, akaibandika vipande viwili: kimoja katika chumba hicho na kingine katika ukuta wa ukumbini, kingo zote zikazibwa kwa gundi ya utepe, akatukataza kuvigusa kwa siku mbili.

Siku ya tatu alivibandua mbele yetu. Katika chumba cha mbele uso wa karatasi uliotazama chumbani ulikuwa mkavu, na upande uliolalia ukuta ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yakitoka ndani ya ukuta. Ukumbini ilikuwa kinyume chake, kwani matone yalikuwa juu ya karatasi na chini yake palikuwa pakavu, na maana yake ni kwamba maji yale yalitoka katika hewa. Kipimo hicho hakikutugharimu hata shilingi mia tano, na kilitenganisha magonjwa mawili ambayo kwa miaka tisa tuliyapaka rangi ileile.

Binti wa dada yangu, anayesoma sayansi, hakuridhika na kuonja chumvi. Alichimba lipu kidogo karibu na sakafu na kidogo usawa wa kifua, akapima gramu 100 za kila moja kwa mizani ya keki, akazikausha ndani ya oveni, akazipima tena. Zile za chini zilirudi gramu 88, na zile za kifuani zikarudi 97. Ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini huwa hivyo, umelowa zaidi chini na kupungua kadiri unavyokwenda juu, ilhali ukuta unaopata maji kwa bomba lililopasuka au paa linalovuja huwa umelowa zaidi karibu na pale maji yanapoingilia, popote palipo.

Swali lililobaki lilikuwa ni kwa nini mstari ule, ambao marehemu baba aliuacha usawa wa goti, ulikuwa umepanda hadi kifuani. Mzee alitutoa nje, akaweka mguu wake juu ya saruji ya uchochoro. Uchochoro huo umemwagwa saruji mara kadhaa katika umri wangu, kila safu juu ya nyingine, hata sasa uko juu ya sakafu yetu kwa shibiri moja. Mvua inaponyesha, maji husimama na kulala kwenye ukuta. Baraza nalo tulilifunika kwa vigae. Ndani, miaka tisa iliyopita, tuliing’oa lipu ya chokaa iliyokuwa ikimenyeka na kupiga lipu ya saruji, tukidhani tunaupa ukuta nguvu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa tena hewani. Saruji na rangi ya kuzuia maji ziliufunga njia ya kutolea pande zote mbili, na maji yasiyopata pa kutokea yakaendelea kupanda mpaka yalipopata njia. Nilipolisikia hilo nilikumbuka risiti zote za rangi zilizomo kwenye droo ya mama.

Chumvi ina ubaya wa pili, ambao wauzaji wa rangi sijawasikia wakiutaja. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewa unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, na usiku wa Unguja mara nyingi hupita hapo. Kwa hiyo ukuta uliojaa chumvi hulowa wenyewe hata kama maji ya ardhini yamekatwa, na yeyote anayezuia maji bila ya kuiondoa chumvi atarudi kulalamika.

Chumba cha juu kilikuwa na habari fupi zaidi. Ukuta wake wa kusini ulikuwa na duara la kahawia karibu na dari, na upepo wa kusi huupiga ukuta huo mvua ya moja kwa moja. Msaidizi alipanda paani na kurudi na kiota cha kunguru kilichofumwa kwa nyaya na vijiti, kimeziba mfereji wa bati ulio kati ya paa letu na la jirani. Kunguru hawa wameshatuibia sabuni na vijiko, na sasa wametulowesha ukuta. Mzee alilichokonoa kwa bisibisi boriti lililoingia ukutani pale penye duara, na bisibisi likazama hadi kwenye mpini. Boriti la mkoko hudumu miaka mingi likiwa kavu, lakini ncha iliyofungwa ndani ya ukuta uliolowa huoza pasipo mtu kuiona, na dari hubaki imeshikwa na rangi tu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba maarufu la kale, ilipoanguka mwezi Desemba 2020, katika Mji Mkongwe hapana mtu anayelisikia neno “boriti limeoza” akaendelea na chai yake.

Ukuta wa ukumbini ulituchanganya kwa sababu ukumbi haukuwa na bomba wala haupakani na nje. Ni kiambaza chembamba cha jipsamu tulichokiweka ili kumkatia mama chumba chenye kiyoyozi. Koga nyeusi iliota upande wa ukumbini, nyuma ya kabati, na wala si chumbani kwa mama. Sababu ni kwamba kiyoyozi kiliwekwa nyuzi 18 usiku kucha, kiambaza kikapoa mpaka upande wa pili, na hewa ya ukumbini yenye joto na maji mengi ilipokigusa ikaacha maji yake pale, kama inavyoyaacha kwenye gilasi ya juisi ya ukwaju yenye barafu. Ushauri unaosambaa mitandaoni wa kufungua madirisha ili mvuke utoke ni wa nchi za baridi, ambako hewa ya nje ina maji machache kuliko ya ndani. Sisi tuliyafungua, na koga ikanenepa. Kilichosaidia ni kukipandisha kiyoyozi hadi nyuzi 26, kulisogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja kutoka ukutani, na kuiosha koga kwa jiki iliyochanganywa na maji. Hapakuhitajika fundi, na mzee hakutoza kitu kwa sehemu hiyo.

Sehemu ya nne hatukumtajia mzee, maana ukuta wa chooni ukilowa nani atashangaa? Mzee alitufungisha bomba zote usiku, akatumbukiza ufito ndani ya tangi la maji, akatia alama ya makaa pale maji yalipofika. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua upana wa vidole vinne na hapakuwa na mtu aliyefungua bomba. Kiungo kimoja cha bomba ndani ya ukuta kilikuwa kikivuja polepole, labda kwa miaka. Fundi bomba alikibadilisha kwa asubuhi moja. Mwenye mita ya maji anaweza kupata jibu lilelile kwa kuzisoma namba zake usiku na tena alfajiri.

Ukarabati wenyewe ulianza mwezi Juni, mvua zilipokatika, baada ya kupata kibali cha Mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe. Lipu yote ya saruji ya chumba cha mbele ilitolewa hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, na vigae vya baraza vikang’olewa upande unaogusa ukuta. Uchochoro ni wa watu wote, hatukuweza kuushusha, kwa hiyo alichimba mfereji mwembamba kandokando ya ukuta wetu, akaujaza kokoto na kuupa mwinamo wa kupeleka maji kwenye mtaro. Baada ya hapo, kwa karibu miezi mitatu, hakufanya jambo lolote isipokuwa kuja kila wiki na kuipangusa chumvi kwa burashi kavu, akiikusanya kwenye gazeti na kuitupa mbali na nyumba. Alitukataza kuiosha kwa maji, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ya jiwe.

Lipu mpya ilikuwa ya chokaa iliyolala majini ndani ya mapipa yake kwa miezi kadhaa, laini kama siagi, fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga uliooshwa. Chokaa ya mfukoni ya dukani aliikataa, akisema haijui ilikaa ghalani muda gani. Alipiga safu tatu nyembamba, na kati ya safu moja na nyingine alitundika magunia mabichi ili isikauke haraka, maana chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa polepole, na ikikaushwa kwa pupa hupasuka na kubaki unga. Wenye watoto wajihadhari: chokaa mbichi huunguza macho, na mapipa yale yalikaa uani kwetu yakiwa na vifuniko vya mbao tu.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Mzee haandiki chochote. Makubaliano yote ni ya mdomo, na risiti nilizozitaka kwa ajili ya ndugu zangu wanaochangia nyumba niliziandika mwenyewe naye akatia saini. Mwezi Agosti alipotea siku tisa kwa msiba wa shamba bila ya kutuarifu. Matone ya chokaa yaliachwa kwenye mlango wa kuchonga wa mbele na tukayatoa wenyewe kwa siku mbili. La uzito zaidi, alikosea mara moja: kwenye ukuta wa nje karibu na ngazi palikuwa na kijito cha kijani, naye alikuwa ameshaagiza lipu yake itolewe, ndipo msaidizi wake, kijana wa miaka kama ishirini hivi, alipoinua kichwa na kuona kwamba bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lilikatwa fupi na linadondokea palepale. Kipande cha mpira cha mita moja kilimaliza jambo. Mzee alikubali mbele ya watu na kumsifu kijana, nami nikamsamehe, lakini msomaji ajue kwamba hata macho mazoefu hutazama kwanza kile yalichokizoea.

Kuhusu gharama, ukaguzi ulikuwa shilingi 80,000, ambazo hupunguzwa katika malipo ya kazi iwapo atapewa. Ukarabati wote, pamoja na maboriti mawili yaliyotolewa katika nyumba iliyobomolewa na kubadilishwa juu, ulifika shilingi milioni 3.4. Rangi na vibarua vilikuwa vikitugharimu kama shilingi 450,000 kila mwaka, kwa hiyo katika miaka tisa tulikwisha kutumia zaidi ya milioni nne kuufunga ukuta mdomo. Fundi wa saruji angemaliza kwa wiki mbili, na ninakiri kwamba kuishi miezi mitatu na ukuta uliovuliwa nguo sebuleni, wageni wakija wanauliza kama tunahama, kulimchosha mama kuliko sisi. Chokaa iliyopakwa juu badala ya rangi pia huacha weupe kwenye kanzu na mabuibui. Tumeyavuta makochi mbele kidogo, na bado kila Ijumaa mtu mmoja hutoka na mgongo mweupe.

Nisingemshauri mtu mwenye nyumba ya matofali ya saruji, ya Dar es Salaam au Mombasa, amwite fundi huyu kwa kazi ya lipu, ingawa kwa ukaguzi ningemwita popote. Nyumba za namna hiyo huwa na safu ya nailoni kati ya msingi na ukuta, au zingepaswa kuwa nayo, na unyevu unaopanda mara nyingi hutokana na udongo wa bustani, sakafu ya baraza au lipu ya nje vilivyoivuka safu hiyo na kuyapa maji daraja. Hapo dawa ni koleo: kuushusha udongo mpaka uwe chini ya safu ya nailoni, na kuikata lipu ile ya chini. Na ikiwa nailoni haikuwekwa kabisa, wapo wanaotoboa matundu na kudunga dawa ya kuzuia maji. Katika tofali lisilo na mapengo inaweza kufaa, lakini ukuta wetu wa matumbawe una moyo wa vifusi na nafasi tupu, dawa ingetiririka pasipojulikana, na mzee hakutaka hata kulizungumzia.

Masika ya mwaka jana mstari wa unyevu ulirudi chumbani mbele, ukafika gotini, na nilidhani tumetapeliwa. Mzee alikuja bila ya kutoza, akatia alama ya makaa pale ulipofika, akaandika mwezi kando yake, akaipangusa chumvi iliyotoka na kusema lipu ya kwanza kazi yake ni kuila chumvi iliyobaki. Masika ya mwaka huu nimekwenda kuitazama alama hiyo kila Ijumaa asubuhi, na unyevu umeishia vidole sita chini yake. Chumba cha juu ni kikavu. Mama hataki alama ya makaa ifutwe, amelitundika saa ya ukutani juu yake kidogo, na kabati jipya la vyombo ameliweka ukuta wa pili.